Jirani Yako Akipewa Kifungo cha Nje

Kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa kwa mzunguko huku Eastlands, Nairobi, akina mama tuliowasindikiza kortini wengi walishikwa kwa kuuza chang'aa au kuchuuza bila leseni. Tangu 1998 Kenya ina Sheria ya Huduma kwa Jamii. Kosa likistahili kifungo kisichozidi miaka 3, hakimu anaweza kumwacha mama alale kwake na afanye kazi ya umma bila malipo. Ndicho tunachokiita kifungo cha nje.

Kabla ya kuamua, korti humtuma mtaani afisa wa probesheni, anayechunguza hali ya mshtakiwa. Hapo ndipo majirani hujifungia ndani. Tafadhali mfungulie. Mweleze afisa mahali mama anapoishi, analea nani, nani atamwangalia. Sema kweli tupu, hata ile isiyompendeza. Afisa akikosa wa kumweleza, hakimu ataamua kwa kutegemea nini? Mama akipelekwa gereza la wanawake la Lang'ata anaweza kuingia na mtoto wake mchanga na kukaa naye hadi afike miaka 4. Wakubwa hubaki. Nimeona binti wa kwanza akiacha shule ili awapikie wadogo zake.

Akipata kifungo cha nje, msishangilie mkaondoka. Asubuhi anafyeka nyasi kwa chifu, kibanda chake cha sukuma wiki kimefungwa, na jioni watoto wanamtazama mikono. Ataanza kuruka siku, na anayeruka hurudishwa kortini, pengine afungwe kweli. Watu humwita mkaidi, ilhali anakimbizana na unga. Sisi hushika zamu kibandani: mmoja wetu anauza hadi mwenyewe arudi, kila shilingi inaandikwa kwenye daftari lake, na mwenye zamu hagusi hata shilingi kumi. Mwombeni pia afisa ampangie kazi karibu na nyumbani, maana nauli peke yake humshinda mtu.

Aliyefungwa ndani, mtembeleeni. Wanaume hutembelewa na wake zao. Mwanamke, kwa nilivyoona, husahauliwa upesi hata na mumewe. Mwambieni watoto wanakaa kwa nani na wanasoma wapi. Huko wengi hujifunza kushona, lakini hutoka bila cherehani, na chumba kimeshapangishwa mwingine. Kwa hiyo tafuteni chumba kabla ya siku yake ya kutoka, mkubaliane nani atamlaki langoni, kisha mrudisheni kwenye mzunguko wa chama kwa kiasi anachokiweza, hata kama ni hamsini kwa wiki.