Kabla Hujamtaja Farasi Wako wa Champion Hurdle

Ukisikia mtu anasema farasi fulani hashindiki kwenye Champion Hurdle, mbio kubwa za farasi wa kuruka viunzi pale Cheltenham, Uingereza, usimbishie kwanza. Mwulize farasi huyo anaruka vipi akiwa anakimbizwa kwa kasi yake yote. Akianza kukutajia ushindi wa tofauti kubwa, jina la mkufunzi na dau analopewa, ujue hajajibu swali.

Nimeishi karibu na Cheltenham muda wa kutosha kuyaona mabishano haya yakirudi kila majira ya baridi, na huwa nayaingia kwa moyo wote. Hapa Gloucester, kwenye kinyozi tunakokutana Waafrika Mashariki siku za Jumamosi, ikifika Februari hata soka husogea pembeni kidogo. Wengi wetu tuliokulia Nairobi tuliziona mbio za farasi kwanza pale uwanja wa Ngong, ambako farasi hukimbia bila kuruka chochote. Kule mwenye kasi zaidi akipata nafasi ya kupita, kazi imekwisha. Tukifika huku tunaendelea kumpima farasi wa viunzi kwa kipimo kilekile cha kasi tupu, na kipimo hicho hakitoshi hata kidogo.

Champion Hurdle hukimbiwa Jumanne, siku ya kwanza ya tamasha la Cheltenham mwezi wa Machi. Umbali ni kama kilomita 3.3, na ndani yake kuna viunzi 8. Kiunzi ni fremu ya mbao iliyojazwa fito, yenye urefu wa mita moja na ushei, imechomekwa ardhini kiasi kwamba farasi akiigonga inalala. Kwa kuwa inalala, farasi hodari hairuki juu kama anavyoruka ukuta. Huipita chini chini bila kupunguza mwendo, karibu kama anaendelea kukimbia. Hapo ndipo mashindano yanapoamuliwa, kwa sababu farasi wawili wenye kasi sawa wakivuka viunzi 8, na mmoja akapoteza nusu urefu kwenye kila kiunzi, mwisho wa safari ameachwa kwa urefu wa farasi 4. Mbio nyingi kubwa huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba kuruka chini namna hiyo kuna hatari yake. Mwaka 2025 ulituonyesha wazi. Constitution Hill alifika pale akiwa hajawahi kushindwa: mbio 10, ushindi 10. Mwaka 2022 alishinda mbio za chipukizi, yaani farasi wanaoanza mbio za viunzi, pale pale Cheltenham kwa tofauti ya urefu wa farasi 22, na mwaka 2023 akatwaa Champion Hurdle yenyewe kwa urefu wa 9 mbele ya State Man. Mwaka 2024 hakukimbia kwa sababu ya ugonjwa, na State Man akashinda. Kwa hiyo mwaka uliofuata watu walikuwa wakibishania nani atakuwa wa pili. Constitution Hill akaanguka kwenye kiunzi cha tano. State Man akashika uongozi, akaja kiunzi cha mwisho akiwa amewaacha wenzake, naye akaanguka. Golden Ace, farasi jike aliyekuwa na dau la 25 kwa 1 (ukiweka pauni 1, faida ni pauni 25), akapita akashinda kwa urefu wa 9.

Wengi wanaiita bahati. Mimi nakubali nusu tu. Golden Ace alivuka viunzi vyote 8 vizuri, kwenye mwendo uleule uliowaangusha mabingwa wawili, akapanda mlima wa mwisho bila kuchoka. Mwaka mmoja kabla, kwenye mbio za majike chipukizi katika tamasha hilohilo, alikuwa amemshinda Brighterdaysahead, ambaye mwaka 2025 watu wengi walimweka juu yake kwa mbali. Mtu aliyeikumbuka siku ile hakuwa na sababu ya kumdharau. Nasikitika kila nikisikia ushindi wa jike huyu unasimuliwa kana kwamba hakufanya lolote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote: kabla ya kubisha, tazama tena mbio za farasi wako za msimu huo, lakini usimtazame anayeshinda. Tazama miguu. Angalia hatua tatu kabla ya kila kiunzi. Je, anakiona kiunzi mapema na kurefusha hatua, au anasitasita na kuongeza kahatua kadogo ka mwisho? Anaruka moja kwa moja au anaenda upande wa kulia au kushoto? Akitua, anaondoka mara moja au anajikusanya kwanza? Kisha angalia kama alifanya hayo yote akiwa peke yake mbele, mwendo wa pole, au akiwa amebanwa na wenzake wenye kasi. Farasi anayeshinda kwa urefu wa 10 dhidi ya watatu dhaifu hajawahi kuulizwa swali hilo. Akiulizwa mara ya kwanza pale Cheltenham, na wote wanateremka kilima kwa kasi, huenda jibu lisikupendeze.

Hapo inaingia habari ya mwendo, ambayo mabishano mengi huiruka kabisa. Hesabu nani atakayeongoza. Mwaka 1997 Make A Stand, akiwa bado chipukizi, aliondoka mbele tangu mwanzo chini ya mpandaji Tony McCoy na hakuna aliyemkamata. Annie Power naye alifanya hivyohivyo mwaka 2016. Kama kwenye orodha kuna mmoja tu anayependa kuongoza, na anaruka vizuri, mpe heshima kubwa, maana atachagua mwendo anaoutaka na kuviona viunzi bila mtu mbele yake. Wakiwa watatu wa aina hiyo, watachoshana, na hapo mtafute yule anayekaa nyuma kidogo.

Na kukaa nyuma kuna gharama yake. Mwaka 2014 Our Conor alianguka kwenye kiunzi cha tatu na akafa. The New One, aliyekuwa karibu, akavurugwa na hata hivyo akamaliza wa tatu. Mwaka 2019 Buveur D'Air, aliyeshinda 2017 na 2018, alianguka mapema na kumwangusha Sharjah ambaye hakuwa na kosa lolote. Siku hiyo Espoir d'Allen akashinda kwa dau la 16 kwa 1. Huwezi kutabiri nani atamwangukia nani. Lakini unaweza kujua farasi gani hupenda kukimbia katikati ya msongamano na yupi mpandaji wake humpeleka nje penye nafasi, na hilo ni jambo la kuliweka mezani mnapobishana.

Uwanja wenyewe nao una neno. Cheltenham una miinuko na mabonde, na kiunzi cha mwisho kikishapita bado kuna mlima hadi mstari wa kumalizia. Mbio za majaribio za kabla ya Machi, kwa upande mwingine, mara nyingi hukimbiwa kwenye viwanja vya tabia nyingine. Kempton, siku ya pili ya Krismasi, ni tambarare na huzunguka kulia. Cheltenham huzunguka kushoto. Leopardstown kule Dublin huzunguka kushoto, na Waayalandi huleta farasi wao kutoka pale wakiwa na ushindi mnono. Mfano mzuri ni Hurricane Fly wa mkufunzi Willie Mullins: alishinda Irish Champion Hurdle ya Leopardstown mara 5 mfululizo, 2011 hadi 2015, lakini Champion Hurdle ya Cheltenham aliipata mara 2 tu, 2011 na 2013. Sharjah naye alishinda mbio kubwa za Desemba pale Leopardstown miaka 4 mfululizo, na Cheltenham akaishia nafasi ya pili mara mbili. Wote wawili walikuwa farasi wazuri sana. Mlima ule tu haukuwapenda kama walivyopendwa nyumbani. Mwaka huohuo wa 2025, Brighterdaysahead alikuja akiwa ameshinda Leopardstown mwezi wa Desemba kwa urefu wa 30, State Man akiwa nyuma yake, na Cheltenham hakuonekana kabisa kwenye mapambano. Urefu wa 30 ni namba inayomlewesha mtu. Mwulize aliyeitaja: mwendo ulikuwaje, ardhi ilikuwa laini kiasi gani, na State Man alikuwa katika hali yake ya kawaida? Mwezi wa Februari State Man huyohuyo alishinda Irish Champion Hurdle, kwa hiyo kile kipigo cha Desemba hakikuwa kipimo chake halisi.

Farasi aliyewahi kukimbia vizuri Cheltenham penyewe, hata katika mbio za chini, mimi namweka juu ya aliyeng'ara kwingine. Istabraq, aliyezalishwa na Sheikh Hamdan wa Dubai na kufundishwa na Aidan O'Brien kwa ajili ya mmiliki wake JP McManus, alishinda mbio za chipukizi za umbali mrefu zaidi pale mwaka 1997, kisha akatwaa Champion Hurdle 1998, 1999 na 2000. Mwaka 2001 tamasha lilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Mpaka leo naamini angeshinda ya nne, na niko tayari kubishana na yeyote kuhusu hilo mpaka duka lifungwe. Angalia alikotokea: alikuwa na pumzi za mbio ndefu, ndiyo maana mlima haukumsumbua. Mwenye kasi ya umbali huu na pumzi za umbali unaozidi, huyo ndiye wa kumtafuta.

Kwenye umri sitakawia. Wa miaka 6 hadi 8 ndio hushinda mara nyingi. Wa miaka 5 walikuwa na mkosi mrefu: baada ya See You Then mwaka 1985 hakushinda mwingine hadi Katchit mwaka 2008, na Espoir d'Allen akafuata mwaka 2019. Wazee hawajafungiwa mlango, maana Sea Pigeon alishinda akiwa na miaka 10 na tena 11.

Majike ni habari nyingine, na hapa nadhani wabishi wengi bado wanaishi zamani. Kwa miaka mingi jike kushinda Champion Hurdle lilikuwa jambo la nadra: African Sister 1939, Dawn Run 1984, Flakey Dove 1994, basi. Kisha kuanzia 2016 hadi 2025 majike yakashinda mara 5 kati ya 10: Annie Power, Epatante, Honeysuckle mara mbili, na Golden Ace. Honeysuckle alipandwa na Rachael Blackmore, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizi. Jike hupunguziwa ratili 7 za uzito anaobeba, yaani zaidi kidogo ya kilo 3, na kwenye mlima wa mwisho kilo 3 husikika. Lakini uzito peke yake haujaleta mabadiliko haya. Siku hizi kuna mbio nyingi zaidi za majike peke yao, kwa hiyo wenye farasi hawana haraka ya kuwarudisha mashambani kuzaa, na walio bora hufika umri wa kukomaa wakiwa bado wanakimbia. Mtu akikwambia "jike hawezi", mwombe akuhesabie miaka hiyo 10.

Jike ana mkanganyiko mmoja: mara nyingi huandikishwa pia kwenye mbio za majike za tamasha hilohilo. Wenye farasi hungoja hadi dakika za mwisho waone mpinzani yupi anaenda wapi. Golden Ace mwenyewe aliletwa Champion Hurdle kwa sababu jike mwingine hodari, Lossiemouth, alipelekwa kwenye mbio za majike, na mwenye farasi hakutaka kukutana naye. Annie Power mwaka 2016 aliingizwa baada ya Faugheen, bingwa wa mwaka uliotangulia, kuumia. Basi usimalize mabishano Januari. Orodha kamili ya wanaokimbia hutoka siku mbili kabla ya mbio, na hapo ndipo hesabu ya mwendo na ya nani anaongoza inapokuwa na maana.

Hili linahusu na pesa, kwa wale wanaoweka. Dau la mapema kabla ya orodha kutoka lina bei nono, lakini kwa kawaida farasi wako asipokimbia pesa imekwenda. Ukitaka kuweka mapema, subiri wiki ambazo makampuni ya kubeti huanza kurudisha pesa ya farasi asiyekimbia, na uyasome masharti yao mwenyewe. Usiweke pesa ya kodi ya nyumba wala ya kutuma nyumbani. Niliyoyasema juu kuhusu mabingwa wawili kuanguka ndani ya mbio moja yanatosha kuwa sababu.

Kama ningelazimishwa kuchagua leo, bila kutajiwa majina, ningemchukua farasi wa miaka 6 au 7 aliyewahi kushinda Cheltenham, mwenye ushindi wa umbali mrefu kidogo kuliko huu, anayeruka chini na moja kwa moja, ambaye msimu huo amewahi kubanwa hadi kiunzi cha mwisho na hakuvunja hatua. Akiwa jike, vizuri zaidi. Na akiwa anatoka kwenye zizi dogo ambalo hakuna anayelitaja, kama lile la Jeremy Scott kule Somerset alikotoka Golden Ace, mimi ndiye nitakayemtetea Jumamosi ijayo.