Kwa wanaoanza kazi ya maabara Bukavu: kingamwili za surua na jibu la IgM

Wadogo zangu mnaoingia maabara, ninawaomba mwelewe kwanza kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kujilinda, hufanya nini mbele ya virusi vya surua, ndipo mguse kipimo, kwa maana jibu lisilofahamika vizuri humpotosha daktari na mama wa mtoto pia.

Uso wa virusi hivi una protini mbili. Ile inayoitwa H hushika kipokezi cha seli, yaani protini ya juu ya seli ambayo virusi hujishikiza: CD150 kwenye seli za kinga na nektini-4 kwenye seli za njia ya hewa. Kisha ile ya pili, F, huunganisha utando wa virusi na ule wa seli. Kingamwili haivitambui virusi vizima, bali kipande kidogo cha protini ambacho umbo lake linalingana na ncha za kingamwili hiyo. Inapokalia sehemu ya H inayoshika kipokezi, virusi hukosa pa kujishikiza na seli hubaki salama. Sehemu hiyo haiwezi kubadilika sana bila kupoteza uwezo wa kushika, na ninaona hilo ni jambo la kutushukurisha, kwa sababu chanjo iliyotokana na virusi vilivyotengwa mwaka 1954 inawakinga watoto wetu hadi leo.

Lakini kutambua si sawa na kuzuia. Mwili hutengeneza pia kingamwili nyingi dhidi ya protini N, ambayo imejificha ndani ya virusi. Hizo huonekana vizuri kwenye ELISA, kipimo cha maabara kinachoonyesha kingamwili kwa rangi, ila haziwezi kuvizuia kuingia. Nguvu ya kuzuia hupimwa kwa kuchanganya seramu na virusi hai juu ya seli na kuhesabu jinsi madoa ya seli zilizoharibiwa na virusi yalivyopungua, kazi ambayo maabara chache huifanya. Kwa hiyo msimwambie mzazi kwamba ELISA chanya ni uthibitisho wa kinga kamili.

Kuhusu IgM, aina ya kingamwili inayotokea mapema katika ugonjwa, ulizeni upele ulianza lini: katika siku tatu za kwanza jibu linaweza kuwa hasi ingawa mtoto ana surua. Ulizeni pia tarehe ya chanjo, kwani chanjo ya karibuni nayo huleta IgM. IgG, aina ya kingamwili inayodumu muda mrefu, kwa mtoto mchanga mara nyingi ni ya mama yake, iliyopita kwenye kondo la nyuma. Hiyo hiyo hudhoofisha chanjo ikitolewa mapema mno, ndiyo maana dozi ya kwanza hapa kwetu husubiri miezi 9. Fomu isiyo na tarehe hizo mbili, irudisheni kwa muuguzi aijaze kabla sampuli haijasafirishwa.