Jibu: Serikali za Mitaa zilifutwa 1972, mbona Katiba ya 1977 inazitaja?

Salaam, ndugu. Umekwama kwa sababu Katiba ya Tanzania ya 1977 uliyo nayo mkononi ina ibara ya 145 na ya 146 kuhusu Serikali za Mitaa, ilhali unasoma kwamba halmashauri zilifutwa 1972 na sheria za kuzirudisha zikatungwa 1982.

Kwanza angalia maelezo madogo ya pembeni mwa ibara hizo, yanayotaja sheria ya marekebisho ya 1984, Namba 15. Mimi nilipoandaa somo hili kwa wanafunzi wangu niliyapuuza, nikapoteza siku mbili nikitafuta mgongano usiokuwapo. Ibara hizo hazikuwamo 1977. Ziliingizwa miaka saba baadaye, halmashauri zilipoanza kazi tena.

Baada ya kufutwa huko kwa 1972, mpango wa Madaraka Mikoani ulikuwa umewakabidhi shughuli za halmashauri watendaji wa Serikali Kuu mikoani na wilayani, na huduma za miji zikazorota kiasi kwamba mabaraza ya miji yalirejeshwa mapema, 1978. Usiliruke tukio hilo, kwa maana linaonyesha kwamba kurudi kwa halmashauri kulianza kwa shida za mijini kabla ya Katiba kuguswa.

Kisha isome ibara ya 146 polepole. Inasema madhumuni ya Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na neno "kupeleka" kwangu ni zito mno, kwa kuwa chombo kilichowahi kufutwa kwa uamuzi wa Serikali sasa kina kinga ya Katiba.