Wakikwambia hakuna kitakachobadilika, anza kuhamisha barua

Juzi dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Iringa ameniandikia: "Kaka, kampuni inayonipa intaneti imenunuliwa. Wametutangazia kwamba hakuna kitakachobadilika. Baruapepe yangu iko salama?" Dada yangu, tangazo la namna hiyo niliwahi kulisoma, nikaliamini, nikapanda mlima.

Napandisha wageni Kilimanjaro, ofisi yangu iko Moshi. Nilipoanza, kampuni iliyonifungia intaneti ilinipa na anwani ya bure: jina langu mbele, jina lao nyuma ya @. Nilitamba nayo. Niliichapa kwenye kadi, nikaiandika hadi mlangoni mwa Land Cruiser. Na baba yangu alikuwa ameshanionyesha mwisho wa mambo hayo! Barua zetu za nyumbani zote zilipitia S.L.P. ya kiwanda alichofanyia kazi. Alipostaafu zikaendelea kwenda kiwandani, na ufunguo hana.

Miezi ya kwanza baada ya kampuni ile kuuzwa, kweli, shwari. Kikoa, yaani lile jina la nyuma ya @, kilielekezwa kwenye seva (kompyuta za kutunza barua) za mwenye mali mpya na barua zikaendelea kuingia. Kisha likaja tangazo la pili: siku 30, halafu huduma ya baruapepe inafungwa. Mimi niko juu na kundi, nikishuka nina kundi jingine. Nilidhani ni tangazo la vifurushi.

Siku ilipofika, simu ikawa tupu. Simu ilikuwa inasoma barua kwa IMAP, yaani barua zinakaa kwenye seva. Seva ikifungwa, umekwisha. Kilichoniokoa ni kompyuta kuukuu ya ofisini ambayo mpwa wangu aliitegesha kwa POP3, ikawa inazishusha na kuzihifadhi humo humo. Nikapata za zamani. Za miaka miwili ya mwisho, sina.

Lakini kilichoniuma ni wateja. Kila aliyeandika alirudishiwa barua yake kwamba anwani haipo. Wakadhani nimefunga biashara. Kundi la watu 14 waliopanda nami mara mbili lilikwenda kwa jirani yangu, na jirani hakuona haja ya kuniambia. Tunasalimiana mpaka leo.

Mnunuzi hakuja kwa ajili ya barua zetu. Anataka wateja wanaolipa kila mwezi, nyaya na minara. Baruapepe kwake ni seva za kutunza na barua taka za kuchuja, bila shilingi inayoingia. Wala si ushamba wetu. Verizon, kampuni ya simu na intaneti ya Marekani, iliinunua AOL, kampuni yenye huduma ya baruapepe, mwaka 2015, na 2017 ikaacha kutoa baruapepe yake yenyewe. Waliotaka kubaki na @verizon.net wakahamishiwa AOL. Mwaka 2021 AOL nayo ikauzwa, pamoja na Yahoo, kwa Apollo, kampuni ya uwekezaji. Na hao wa @verizon.net ndio wenye bahati, anwani zao zilipona.

Kwa hiyo dada, nunua kikoa chako. Cha .co.tz unalipia kwa mwaka. Ukiwa na kikoa, kampuni ya intaneti ikiuzwa unaelekeza barua kwingine na mgeni hajui kilichotokea. Shusha barua zako zote leo, huku nenosiri bado linafanya kazi. Washa upelekaji wa barua kwenda anwani mpya. Kisha badilisha anwani kila ulikoiandikisha, ukianza na benki, TRA na ukurasa wa Facebook, kwa sababu ukisahau nenosiri, kiungo cha kulibadilisha kitatumwa kwenye sanduku lililokufa. Mimi ukurasa wangu wa zamani naona tu watu wanauliza bei, siwezi kuwajibu.  Na kikoa ukishakinunua usisahau kukilipia, maana kikiachwa mwingine anaweza kukisajili na barua zako zikaanza kumfikia yeye.

Vijana wa utalii mnanichekesha. Mna droni, mna fulana zenye nembo, halafu anwani ya kuazima! Mkiambiwa mnasema "Gmail inatosha". Nami nilisema ya kwangu inatosha.

Land Cruiser nimeipaka rangi upya mara mbili. Jua likipiga mlango kwa ubavu, ile @ bado inasomeka.