Je, Inafaa Kukata Bima ya Mafuriko?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Tunaishi Korogwe, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, si mbali na Mto Pangani. Pia nina duka la jumla la unga na sukari Ngamiani, Tanga mjini. Wakala amenishauri nikate bima ya mafuriko. Mama anasema huko ni kutoridhika na kadari, na jirani anasema bima zote ni kamari. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

La mama ni jepesi. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake: amfunge kisha atawakali, au amwache huru kisha atawakali? Akamjibu: “Mfunge, kisha tawakali” (Tirmidhi). Mafuriko ya Handeni na Korogwe ya Oktoba 2019 yaliua watu na kukata barabara, kwa hiyo anayejiandaa hapingi kadari, anamfunga ngamia. Mweleze mama kwa upole, maana hofu yake inatokana na imani.

La jirani lina ukweli, ila si lote. Katika bima ya kawaida unanunua ahadi kwa ada maalumu, na hakuna ajuaye kama utapata kitu. Mwaka unaisha mikono mitupu, au wiki ya pili tu unalipwa mara mia ya ulichotoa. Hiyo ni gharari, yaani mkataba ambao matokeo yake hayajulikani, na Mtume (S.A.W.) amekataza biashara yenye gharari (Muslim). Juu yake, ada hizo mara nyingi huwekwa penye riba. Ndiyo maana Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, ilipokutana Jeddah, Desemba 1985, iliharamisha bima ya kibiashara na kuhalalisha ya ushirika. Wapo waliohalalisha zote mbili, mashuhuri wao Sheikh Mustafa az-Zarqa tangu mkutano wa Damascus wa 1961. Tunamheshimu, lakini tunafuata kauli ya Majmaa.

Hiyo ya ushirika ndiyo takaful. Unachotoa ni tabarrui, yaani mchango wa hisani katika mfuko wa washiriki, na mwendeshaji ni wakala anayelipwa ujira unaojulikana. Asili yake ni hadithi ya Ash'ariyyina: chakula kikiwapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa, na Mtume akasema, “Wao ni katika mimi, nami ni katika wao” (Bukhari na Muslim).

Hapa wengi huuliza: basi si tuanzishe mfuko wetu mtaani? Ni halali na kuna thawabu, lakini kwa mafuriko hautoshi. Piga hesabu. Watu 40 wakitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, mwaka unatimia na milioni 2.4. Moto ukiunguza nyumba moja, mwenye nyumba anasimama tena. Mto ukipanda hauchagui nyumba. Zikiingiwa maji 30, kila mmoja anaondoka na 80,000, mabati mawili matatu, na mfuko umekauka siku hiyo hiyo. Kinachohimili mafuriko ni mfuko wenye watu wa mbali: wa Lushoto mlimani, wa Dodoma, wa Unguja, ambao mvua ya Korogwe haiwagusi. Mfuko wenyewe nao uwe na takaful ya juu yake, yaani ukingwe na mfuko mkubwa zaidi, ili janga kubwa lisiumalize. Hapa nchini TIRA, mamlaka inayosimamia bima, imeweka mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar linatoa huduma hiyo. Kabla ya kusaini, uliza: bodi ya sharia ni akina nani? Ujira wa mwendeshaji ni asilimia ngapi? Ziada ya mwaka inakwenda wapi? Mfuko ukipungukiwa, mwendeshaji anaukopesha bila riba? Asiyeweza kujibu hayo amebadilisha jina tu.

Isome hati yenyewe. Bima ya moto peke yake kwa kawaida haina mafuriko, lazima yaandikwe. Thamani nayo iwe ya kweli. Nyumba ya milioni 40 ukiiandikisha kwa milioni 20 ili upunguze mchango, hasara ya milioni 10 hulipwa milioni 5, tena kabla ya kukatwa sehemu unayobeba mwenyewe. Dukani, panga mzigo juu ya chaga za mbao. Hati nyingi zina sharti la kiasi cha kuinua bidhaa kutoka sakafuni, na gunia la sukari lililolazwa kwenye saruji linaweza kukukosesha malipo. Weka risiti na picha mahali pengine, na toa taarifa siku ile ile.

Lingine linaniumiza. Wapo wanaopaka chokaa ule mstari wa kahawia ambao maji ya mwaka jana yameuacha ukutani, ili mkaguzi asiuone. Hiyo ni ghishi, yaani udanganyifu, na unawaghushi ndugu wachangiaji wenzako. Mtume (S.A.W.) amesema anayeghushi si katika yeye. Na ikigundulika, dai linakufa.

Nyumba ya urithi ina jambo lake. Kama hati bado ina jina la marehemu, kwanza mpate msimamizi wa mirathi, kisha yeye ndiye aandikishe kwa niaba ya warithi wote. Malipo yakija yanachukua nafasi ya nyumba iliyoharibika, kwa hiyo ni ya warithi kwa mafungu yao: mama thumuni yake (moja ya nane), iwapo hakuna mrithi mwingine zaidi ya watoto, kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Aliyelipa michango arudishiwe sehemu za wenzake ikiwa walikubaliana hivyo. Hilo halimfanyi mwenye nyumba peke yake.

Bima ambayo sheria ya nchi inakulazimisha, kama ile ya gari kwa mtu wa tatu, lipa pale ambapo takaful haipatikani, huna dhambi. Mchango wa takaful usiuhesabu katika zakat: duka lako likifika nisabu, yaani kiwango cha mali kinachowajibisha zakat, na mwaka ukatimia, zakat yake ipo pale pale.

Wallahu aalam.