Kumhesabu posamu wa Leadbeater: ya kujua kabla ya jioni yako ya kwanza

Katika milima ya Victoria, Australia, kazi huanza kwa kuchagua mti, na mara nyingi mti huo umeshakufa. Posamu wa Leadbeater, mnyama mdogo wa usiku mwenye mfuko wa kubebea watoto, hushinda mchana ndani ya tundu la mkaratusi mkubwa, na matundu ya kumfaa huchukua miaka 150 hivi kutengenezeka. Ndiyo maana kila mti mkavu uliobaki umesimama tangu moto wa Januari 1939 una thamani kubwa. Moto wa Februari 2009 ulimpunguzia sana makazi.

Tundu peke yake halitoshi. Angalia kama kandokando kuna miwati (miti ya jamii ya migunga) iliyosongamana. Utomvu wa miti hiyo ndio chakula kikuu cha posamu huyu, pamoja na nyenje na wadudu wengine wa kwenye magome. Hana ngozi ya kupaa, kwa hiyo hupita tawi kwa tawi. Matawi yasipogusana, hana njia. Kagua magome ya miwati: vijeraha vya meno vinavyochuruzika utomvu ni dalili nzuri.

Uwe umeshakaa nusu saa kabla ya jua kuzama, mahali unapoliona tundu likiwa na anga nyuma yake, maana giza likiingia utaona kivuli tu. Usikae chini ya mti wenyewe. Matawi makavu huanguka hata pasipo upepo. Chomeka suruali ndani ya soksi, ruba ni wengi. Usigonge shina, wala usimulike tundu kabla hawajatoka.

Akitoka, huchomoka na kutokomea mara moja. Wageni wengi humchanganya na posamu wadogo wapaao, kwa sababu nao wana mstari mweusi mgongoni. Achana na mstari, tazama mkia: wa Leadbeater ni mwembamba shinani na hupanuka kuelekea ncha kama rungu. Mwili wote una gramu 130 hivi. Akijirusha na kuambaa hewani, si yeye.

Andika saa ya kila anayetoka, na anayerudi ndani mtoe kwenye hesabu, la sivyo utamhesabu mara mbili. Kundi laweza kufika 12, ingawa jozi moja tu ndiyo huzaa, na jike wake huwafukuza majike wengine. Usiandike "hayupo" baada ya jioni moja: kundi lina matundu kadhaa na huhamahama, basi rudi, ukague pia miti mikavu ya jirani.