Kuomba uzamivu wa sayansi bila kupiga ramli

Ukishatuma maombi ya shahada ya uzamivu, unaingia kwenye miezi kadhaa ambayo akili hujitungia hadithi. Kimya kinakuwa dharau. Jibu likichelewa, basi umeshakataliwa. Mwenzako akiitwa kwenye usaili kabla yako, ndiye aliyekula nafasi yako. Nimepita humo. Baadaye, nikiwa tayari ndani ya maabara, niliona kwa karibu jinsi nafasi zinavyogawiwa, na tangu hapo ushauri ninaowapa wanaoniuliza umekuwa mmoja: kwa watu wenye sifa zinazokaribiana, mara nyingi kinachoamua ni fedha na nafasi kuliko ubora wa ubongo wako. Na habari za fedha na nafasi unaweza kuziulizia mapema, kabla hujaanza kuumiza kichwa.

Kwanza ujue unaomba nini, maana "kukubaliwa" hakuna maana moja dunia nzima. Marekani, hasa kwenye biolojia, kwa kawaida unaomba programu, si maabara. Ukiingia unazunguka maabara mbili tatu katika mwaka wa kwanza, kisha unachagua msimamizi. Programu nyingi za sayansi huko hulipa ada na kukupa posho, kwa hiyo kila anayepokelewa ni gharama ya miaka mitano au zaidi, na kamati huhesabu vichwa kwa uangalifu. Kuna jambo jingine ambalo waombaji wa kigeni wengi hawaambiwi: baadhi ya fedha za serikali ya nchi hiyo za kufundishia wanasayansi huruhusiwa kwa raia na wakaazi wa kudumu tu. Chuo kinaweza kukupenda kabisa na kisiwe na fungu la kukulipia.

Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia mambo huwa tofauti. Mara nyingi nafasi ya uzamivu hutangazwa kama kazi: ina mkataba, mshahara, mradi na bosi anayejulikana. Uingereza miradi mingine huja na ufadhili wake, na mingine unapokelewa halafu unaambiwa ukatafute fedha mwenyewe. Barua ya kukubaliwa isiyo na fedha ni ya kusomwa mara mbili kabla ya kualika watu kwenye sherehe.

Na fedha zenyewe hazitabiriki. Mwaka 2025, ruzuku za utafiti za serikali ya Marekani zilipoyumba, kuna programu zilizopunguza idadi ya wanafunzi, na nyingine zikafuta hata nafasi zilizokuwa zimeshatolewa. Waliofutiwa hawakuwa wamepungukiwa na kitu.

Kwa hiyo uliza. Mwandikie profesa unayetaka kufanya naye kazi, miezi miwili mitatu kabla ya tarehe ya mwisho, baruapepe ambayo mtu anaweza kuimaliza akiwa amesimama kwenye foleni. Yangu zilikuwa na umbo hili: "Nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu jinsi bakteria wanavyotoa dawa nje ya seli. Katika uzamili nimesafisha protini ya jamii hiyohiyo, na nimejiuliza kwa nini hamkuijaribu katika joto la chini. Je, mnatarajia kupokea mwanafunzi mwaka ujao, na je, kuna ufadhili kwa mtu kutoka nje?" Basi. Wasifu uambatanishe, vyeti uviache nyumbani. Swali la mwisho ndilo lenye thamani, na ndilo watu wanaloliogopa wakidhani litawaonyesha wana njaa ya pesa. Profesa yeyote anayeendesha maabara anawaza pesa kila siku. Swali hilo halimshangazi.

Wengi hawatajibu. Kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha songa mbele. Atakayekujibu "omba tu, tutaona" hajakuahidi kitu, na kwenye programu za kuzunguka maabara huenda hana hata kura kwenye kamati. Majibu ya kweli hutambulika kwa kuwa na habari ndani yake. Mmoja aliniambia wazi kwamba ruzuku yake inaisha na hapokei mtu, lakini akanitajia mwenzake wa korido hiyohiyo aliyekuwa amepata fedha mpya. Habari hiyo haikuwa kwenye tovuti yoyote, na iliniokolea ada ya maombi.

Tukija kwenye barua za walimu za kukupendekeza, hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu ambazo sasa unazimalizia kwenye kusahihisha insha kwa mara ya ishirini. Barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na anayeelewana na wenzake" haikuangushi, lakini haikuinui. Inayokuinua inasema ulifanya nini jaribio lilipokataa. Mwalimu wako ana wanafunzi wengi na amesahau, si kwa ubaya. Mpe ukurasa mmoja: mradi ulikuwa upi, kipi kilishindikana, ulikigunduaje, ulimfundisha nani kutumia mashine gani. Chini yake weka jedwali la vyuo na tarehe zake za mwisho, kuanzia iliyo karibu. Wapo walimu watakaokuambia "andika mwenyewe, nitasaini." Hapo ukurasa huo ndio unaokuokoa, mkabidhi kwa heshima, mwambie haya ndiyo mambo yaliyotokea, sauti iwe yake. Barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja hunuka kutoka mbali. Na hakikisha anwani ya baruapepe ya mwalimu uliyoijaza kwenye mfumo wa maombi ni ya chuo na ni anayoifungua, kwa sababu kiungo cha kupakia barua kikipotea kwenye taka, mwenye hasara ni wewe.

Kuhusu insha nina moja tu. Futa sentensi ya kupenda sayansi tangu utotoni. Kila mtu anayo. Anza pale ulipokwama: "Protini yangu iliganda chini ya chupa kila nilipoisafisha, mpaka nilipoongeza gliseroli kwenye bafa." Msomaji aliyewahi kuosha chupa za maabara atataka kujua kilichofuata.

Mengineyo unaweza kuyamaliza jioni moja. Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, huhesabika kwa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno. GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu, imeachwa na programu nyingi za sayansi, lakini si zote, hivyo soma ukurasa wa idara yenyewe, usitosheke na wa chuo. Msamaha wa ada ya maombi huombwa kabla ya kulipa. Mitandao ya uzamivu ya Ulaya yenye jina la Marie Skłodowska-Curie ina sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12, ndani ya miezi 36 iliyotangulia, katika nchi unayoombea. Mtu anaweza kuwa hodari na asistahili kwa sharti hilo pekee, na heri alijue kabla ya kuandika neno la kwanza.

Halafu subiri. Marekani maombi mengi hufungwa Desemba, na usaili huja Januari na Februari. Usijaribu kusoma nyota kwenye tarehe za wengine. Mimi niliwekwa kwenye orodha ya kusubiri nikaona ndiyo njia yao ya kistaarabu ya kusema hapana. Sivyo. Vyuo vingi vya huko vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji aliyepewa ufadhili kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo wenye nafasi nne mkononi hukaa nazo hadi dakika za mwisho, na orodha hutembea kwa kasi mwanzoni mwa Aprili. Kama chuo hicho ndicho chaguo lako la kwanza, waandikie hivyo mara moja, kwa sentensi mbili, na uwaambie kama kuna jambo jipya katika kazi yako. Mimi niliitwa siku chache kabla ya tarehe hiyo.

Kwa hiyo ikitokea wewe ndiye mwenye nafasi nne, usizikalie. Ukishajua huendi, waandikie wiki hiyohiyo: "Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa. Nimeamua kwenda kwingine, tafadhali mpeni mwombaji anayesubiri." Hawatakukasirikia, na sababu si lazima uitoe.